Kiraka Si Zawadi ya Mnunuzi

Hotuba niliyoitoa mbele ya mafundi wa kompyuta na wenye maduka ya steshenari, Tanga

Ndugu mwenyekiti, kaka na dada zangu mafundi, wenye maduka, na nyinyi vijana wa chuo mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vimekwisha: asalaam aleikum, na habari za mchana.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba nije nizungumzie usalama wa kompyuta. Nikamjibu kwamba hiyo ni bahari, anioneshe pa kutia nanga. Ndipo akanitajia swali lililowagawa kwenye kikao chenu kilichopita: je, kampuni iliyotengeneza mfumo endeshi, ile programu kuu ya kompyuta kama Windows, imnyime masasisho mtu anayetumia nakala ya wizi? Nimeambiwa nusu ya ukumbi ilisema imnyime, maana asiyelipa hana cha kudai. Nusu nyingine ikasema isimnyime, kwa kuwa nakala hizo ziko kila mahali, hata ofisi za wakubwa.

Mimi nasema isimnyime. Lakini sababu yangu si hiyo ya kwamba kila mtu anaiba. Sababu yangu niliipata mwaka 2011, na iliniuma.

Mwaka huo nilikuwa na duka la steshenari karibu na stendi. Nilikuwa na kompyuta nne, zote za mtumba, zote zimepigwa Windows XP kutoka kwenye diski moja iliyokuwa ikizunguka mji mzima. Ufunguo wake, yaani zile herufi na namba za leseni, niliujua kwa kichwa kama namba ya simu ya mama yangu. Asubuhi moja akaja mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku zote, na flashi yenye matokeo ya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Alitaka nakala arobaini. Nikachapa, akalipa, tukaulizana habari za watoto, akaondoka na flashi yake.

Kesho yake alirudi amevimba macho. Kompyuta ya ofisi ya shule yao ilinunuliwa mpya, ina leseni yake na stika yake ubavuni. Alipochomeka ile flashi iliyotoka dukani kwangu, mafolda yote yakageuka njia za mkato zisizofungua kitu. Faili nyingine zilifichwa, tukazipata. Nyingine zilikwenda kabisa. Alama za muhula mzima za madarasa mawili ziliandikwa upya kutoka kwenye karatasi zilizookotwa kwenye makabati, na zile ambazo karatasi zake hazikuonekana, watoto walirudia mtihani.

Shule ile haikuiba chochote. Ilinunua mashine kihalali. Kwa kuwa haikuwa na intaneti, usafi wa mashine yake ulitegemea usafi wa mashine za jirani, na jirani nilikuwa mimi.

Februari ya mwaka ule ule, miezi kabla ya siku hiyo, Microsoft, kampuni inayotengeneza Windows, ilikuwa imeanza kusambaza sasisho la XP na la Vista, toleo lililoifuata, lililoizuia kompyuta kuendesha yenyewe programu iliyomo ndani ya flashi mara tu inapochomekwa. Mafundi wa zamani mnaikumbuka tabia ile: unachomeka, kabla hujagusa kitu, kimeshaingia. Sasisho lile liliufunga mlango huo. Mashine zangu nne hazikulipata kwa sababu nilikuwa nimeyazima masasisho kwa mkono wangu mwenyewe, siku ile ile niliyopiga Windows. Nitarudi kwenye mkono huo, maana ndiyo habari yangu hasa leo.

Kwanza tukubaliane kiraka ni nini. Mtaani kwetu neno apdeti limebeba mambo mawili yasiyofanana. Kuna apdeti inayoleta kitu kipya: sura mpya, vitufe vipya, programu ya kuhariri picha, msaada wa kupiga simu kampuni ikakujibu. Hiyo ni bidhaa. Asiyelipa akinyimwa, mimi sitasimama kumtetea. Halafu kuna kiraka cha usalama, ambacho hakikuongezei chochote. Kinaziba tundu ambalo kampuni yenyewe iliacha wakati inashona nguo. Na tundu hilo halimdhuru aliyevaa nguo peke yake. Kompyuta iliyoingiliwa inatumwa kazi: inarusha barua taka, inapiga seva za benki na za hospitali, inabisha hodi kwenye kila mashine iliyo nayo mtandao mmoja, inasubiri flashi ya mwalimu.

Tanga yetu tunayajua maji ya kuunganishwa kinyemela. Mamlaka ya maji ikiikuta nyumba imejiunganishia bomba usiku, inakata, inatoza faini, na sisi majirani tunasema sawa. Lakini kipindupindu kikiingia mtaani, bwana afya anapita nyumba hadi nyumba na dawa ya kutibu maji, na hamuulizi mtu risiti ya bili kabla ya kumkabidhi. Akiiruka nyumba ya mwizi wa maji, anayeugua si mwizi peke yake. Choo ni kile kile, na watoto wanacheza pamoja.

Ndugu zangu, swali hili si geni. Microsoft yenyewe imelihangaikia zaidi ya miaka ishirini, na imeyumba huku na huku. Naomba mnivumilie niwapitishe humo, kwa sababu mengi tunayoyafanya leo kwa mazoea yalizaliwa kwenye kuyumba huko.

Windows XP ilitoka Oktoba 2001, na ndiyo Windows ya kwanza iliyowaletea watu wa kawaida utaratibu wa kuhakiki ufunguo kupitia intaneti au simu. Haikuchukua muda, ufunguo uliotolewa kwa makampuni makubwa ukavuja, na mnajua ninaousema, wengi wenu mmeuandika kwa mkono. Mwaka 2002 kampuni ilipotoa kifurushi cha kwanza cha masasisho, ilikiwekea kizuizi: mashine yenye funguo zilizovuja haikukipata.

Kisha ikaja Agosti 2003 na kirusi cha Blaster. Hiki hakikuhitaji flashi wala barua pepe. Mashine ilichomekwa kwenye intaneti tu, na baada ya dakika chache kikajitokeza kisanduku kikihesabu sekunde 60 kurudi nyuma, mashine ikajizima. Kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimetoka Julai, mwezi mmoja kabla. Watu wengi, wenye leseni na wasio nayo, hawakuwa wamekiweka.

Somo lile liliwaingia. Mwaka 2004, kifurushi cha pili cha XP kilipokuwa kinaandaliwa, kile kilichowasha ukuta wa moto, yaani kinga ya kuzuia wavamizi wa mtandaoni, kwenye mashine zote, kutoka ndani ya kampuni yenyewe kulisikika sauti ikisema hadharani kwamba hata mwenye nakala ya wizi apewe, kwa sababu kumlinda ni jambo kubwa kuliko mapato. Nilipokuja kusoma habari hiyo miaka mingi baadaye, niliweka kalamu chini. Ilikuwa ni sauti ya mfanyabiashara, si ya mwanaharakati. Lakini haikudumu. Kifurushi kilipotoka Agosti, funguo zilizovuja zaidi zilikuwa zimefungiwa tena.

Mwaka 2005 wakapata njia ya katikati. Ukitaka kupakua vitu vya kawaida kutoka kwao, lazima mashine yako ihakikiwe kwanza kuwa ni halali. Viraka vya usalama, vikiletwa kwa njia ya moja kwa moja, vikaachwa wazi kwa wote. Kwa maoni yangu hapo walikuwa wameshafika. Mlango wa dukani umefungwa, bomba la dawa liko wazi. Wangetulia hapo, nadhani historia yetu mtaani ingekuwa nyingine.

Hawakutulia. Mwaka 2006 ile programu ya kukagua uhalali ikaanza kusambazwa kupitia bomba lile lile la viraka, tena ikiwa na alama ya sasisho la muhimu sana. Watu wakagundua kwamba kila siku inawasiliana na makao makuu. Kukawa na kelele, hata kesi mahakamani Marekani. Nataka mlione kosa hili vizuri. Ni kama kumpandisha mkagua tiketi kwenye gari la wagonjwa. Siku ya kwanza atawakamata wachache wasio na tiketi. Kuanzia siku ya pili, watu wote mtaani wataliogopa gari la wagonjwa.

Na hata wenye tiketi hawakuwa salama. Agosti 2007 seva za kuhakiki zilipata hitilafu kwa muda wa karibu siku nzima, na maelfu ya watu waliolipa fedha zao wakaambiwa na mashine zao kwamba ni wezi.

Lakini wiki ninayotaka muikumbuke ni moja, ya Oktoba 2008. Tarehe 20 mwezi huo, huko China, kampuni ilizindua adhabu mpya kwa nakala zisizo halali: kila baada ya saa moja pazia la skrini linageuka jeusi. Unalirudisha, baada ya saa linakuwa jeusi tena. Watu wakachachamaa, na ushauri uliosambaa kwa kasi ukawa mmoja: zima masasisho. Tarehe 23, siku tatu baadaye, kampuni hiyo hiyo ikatoa kiraka cha dharura, nje ya ratiba yake ya kawaida ya kila mwezi, kwa sababu lilikuwa limegunduliwa tundu baya sana. Novemba kirusi cha Conficker kikaingia kupitia tundu lile.

Siku tatu tu. Jumatatu unawafundisha watu kuliogopa bomba, Alhamisi unawapitishia dawa ndani yake.

Conficker kilienea kwenye mamilioni ya mashine. Kilifika hadi kwenye mtandao wa jeshi la majini la Ufaransa. Kilipita kwenye mitandao, kilipita kwenye flashi, kilikisia nywila dhaifu. Na mnajua kikishaingia kilifanya nini mapema kabisa? Kilizima huduma ya masasisho. Kilizuia mashine isifike kwenye tovuti za antivairasi. Kirusi kilijua kwamba adui yake ni kiraka, kikamfungia nje.

Sasa nirudi kwenye mkono wangu. Kazi ile ya kwanza ya Conficker, kuzima masasisho, ndiyo kazi ya mwisho ya fundi wa mtaani akimaliza kupiga Windows. Hatua zake wote mnazijua. Unaformati, unapiga Windows, unaingiza drava za vifaa, unazima antivairasi ili krak, ile programu ya kuidanganya Windows kwamba ina leseni, ikubali, unaendesha krak, halafu unafungua huduma, unatafuta ile ya masasisho, unaizima. Unamwambia mteja, "Mama, hata ikikuuliza, usibonyeze apdeti, itaharibika." Nimesema maneno hayo mara mia na zaidi.

Kwa nini tunafanya hivyo? Si uovu. Ni uzoefu wa kweli. Mwaka 2010 lilikuja sasisho la Windows 7 lenye namba KB971033, kazi yake kutafuta krak. Mafundi wote tuliishika namba hiyo. Mwezi huo huo wa Februari 2010 kulikuwa na kiraka cha usalama kilichozifanya mashine nyingi zitoe skrini ya bluu na kukataa kuwaka. Baadaye ikabainika kwamba mashine zile zilikuwa tayari zimeingiliwa na kirusi kilichojificha chini kabisa ya mfumo, na kiraka kilipobadilisha sehemu hiyo, kirusi kikaanguka na mfumo wote. Yaani mashine ilikuwa mgonjwa, dawa ikaufichua ugonjwa. Lakini sisi madukani tuliona kitu kimoja: apdeti imeua mashine, mteja amerudi, fedha tumerudisha. Juu yake ongeza bando. Sasisho moja la Windows linaweza kula mamia ya megabaiti, na mteja akikuta bando la wiki limekwisha usiku mmoja, anakuja kukuuliza wewe.

Nayaelewa yote hayo. Nimeyaishi. Ila nataka tuone kilichobadilika huku sisi tukiwa tumebaki 2010. Windows 11 ambayo haijahakikiwa inaendelea kupokea viraka vya usalama, kama Windows 10 ilivyopokea hadi msaada wake wa kawaida ulipoisha Oktoba 2025. Adhabu ni maandishi yanayokaa pembeni chini ya skrini na kukukatalia kubadilisha picha na rangi. Basi. Mjadala wenu wa kikao kilichopita, kwa upande wa kampuni hii, umekwishajibiwa kwa vitendo: haijamfungia mwizi kiraka. Anayekifunga leo, hapa Tanga, Kariakoo, Luthuli Avenue kule Nairobi, ni fundi.

Na anakifunga kwa ajili ya nini? Ili maandishi yale ya pembeni yasirudi. Tunamfungulia mteja mlango wa nyumba usiku kucha ili asione doa kwenye pazia.

Halafu kuna krak yenyewe. Zile zinazojifanya seva ya leseni ndani ya mashine, mnazipakua wapi? Hakuna mahali pa kweli pa kuzipakua. Kila tovuti inadai yake ndiyo halisi, na ya kwanza kukuomba ni uzime antivairasi. Wezi wa nywila wanalijua hilo, na wamekuwa wakifunga virusi vyao ndani ya krak hizo miaka na miaka, vya kuiba nywila zilizohifadhiwa na pochi za sarafu za kidijitali. Mteja wako wa leo anaingia benki kwenye mashine ile. Anaingia kwenye mfumo wa kodi. Siku fedha zikitoka, hatakumbuka kwamba wewe ndiye uliyezima mlinzi.

Nawajua wanaosema: dada, unatetea wizi. Hapana, na hapa naomba niseme polepole, maana ukumbini wamo vijana wanaoandika programu zao wenyewe. Yupo kijana hapa mkoani aliyetumia miaka miwili kutengeneza programu ya maduka ya dawa. Aliuza nakala tatu, akaja kuikuta kwenye maduka ambayo hata hakuwahi kuyatembelea. Alilia mbele yangu, mtu mzima. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999 na inamhusu yeye kama inavyoihusu kampuni kubwa ya Marekani. Wizi wa programu ni wizi. Anayelipa akisema haoni haki kulipia kitu ambacho jirani anakipata bure, ana hoja, na simcheki.

Ila ziko njia za kumbana mwizi zisizomuumiza aliye jirani yake. Mnyime sura. Mnyime msaada. Mwandikie kwenye skrini kila siku kwamba mashine hii haina leseni, aibike mbele ya wateja. Mshtaki anayezipiga diski kwa jumla na kuuza. Yote hayo yanamwangukia yeye mwenyewe. Kumnyima kiraka ni adhabu ya aina nyingine: unampiga yeye, maumivu anayapata mwalimu wa watu.

Pia tusijidanganye kwamba leseni peke yake ni kinga. Mei 12, 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga faili na kudai fidia kwenye mashine zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150. Kiraka chake kilikuwa kimetoka Machi. Huduma ya afya ya Uingereza, ambayo haitumii diski za mtaani, iliguswa katika mamlaka za hospitali 81 kati ya 236 za nchi ya England, na miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kupita 19,000 ilifutwa. Mashine nyingi zilikuwa na leseni, zilikosa kiraka. Na kampuni ilifanya nini siku ile? Ilitoa kiraka hata kwa Windows XP, mfumo uliokuwa umeachwa tangu Aprili 2014, bure, kwa yeyote. Moto ulipowaka, hakuna aliyeuliza risiti. Ninachoomba ni kwamba jambo lililoonekana la busara siku ya moto lionekane hivyo siku ya kawaida pia, na si kwa Microsoft tu. Iwe sheria ya kila anayeuza programu.

Sasa tufike mezani, kwenye kazi zetu.

Jambo la kwanza wengi wenu hamlifanyi, na linaniuma kwa sababu ni fedha ya mteja inayotupwa. Tangu Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wakubwa wa kompyuta wamekuwa wakiuweka ufunguo wa leseni ndani ya ubao mama wenyewe. Zile laptopu za mtumba zinazoshushwa bandarini kutoka Uingereza na Uarabuni, nyingi zina leseni halali ndani yake. Fundi anaifuta, anapiga Windows ya toleo jingine, kisha anaweka krak juu ya mashine ambayo haikuihitaji. Piga toleo lile lile iliyotoka nalo kiwandani, uiunganishe na intaneti, itajihakiki yenyewe. Leseni mpya ya Windows 11 Home kwa bei ya orodha Marekani ni dola 139, zaidi ya shilingi laki tatu. Kwa fedha hiyo mteja wako anapata laptopu nyingine ya mtumba. Na wewe umemfutia leseni aliyokwisha kuilipia bila kujua.

Kuhusu bando: Windows ina mpangilio unaoiruhusu mashine moja dukani ipakue sasisho, nyingine zikachukua kwake kwa waya au Wi-Fi ya ndani. Mwenye kompyuta sita halipii mara sita. Na kiraka kimoja kimoja kinapatikana kwenye katalogi ya masasisho ya Microsoft, unakipakua kama faili, unakiweka kwenye flashi, unakipeleka kwa mteja asiye na intaneti. Hakuna anayekuuliza uhalali. Ningekuwa nalijua hilo 2011, ile shule ningeipelekea mimi mwenyewe kila mwezi.

Na kwa duka linalochapa barua na kutoa nakala tu, Linux, mfumo endeshi wa bure, inatosha. Ubuntu, mojawapo ya aina zake, ipo tangu 2004, haiulizi ufunguo, viraka vyake ni vya kila mtu. Mwaka huo huo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Tulikuwa na njia hiyo mkononi zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na mimi mmoja wenu niliipita nikaenda kununua diski ya shilingi elfu mbili.

Kuna la mwisho, na hili linawagusa hata wenye leseni. Oktoba 14, 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulifika mwisho. Mashine zilizokosa sifa za Windows 11, na hapa kwetu ni nyingi, zimewekwa kwenye foleni moja na za wizi. Aliyelipa na asiyelipa wamesimama pamoja nje ya mlango. Ipo njia ya nyongeza ya viraka kwa muda, na inafaa kumsajilia mteja anayestahili. Lakini mteja wako hataisikia redioni. Ataisikia kwako au hataisikia kabisa.

Mwalimu yule bado yupo. Amestaafu, anaishi Chumbageni, na nilipomwambia naja kuzungumza hapa aliniuliza kama nitawaambia habari ya zile alama. Nikamwambia nitawaambia. Akasema, waambie pia kwamba wapo watoto wawili ambao hawakuja siku ya kurudia mtihani.

Mwenyekiti amenipa saa moja ya vitendo baada ya chai. Nimekuja na flashi sita, ni safi, nimezikagua asubuhi, zina viraka vya mwezi huu. Waliokuja na mashine zao waziwashe sasa, wafungue ukurasa wa huduma, watafute ile ya masasisho. Kama imezimwa, msiguse kwanza. Inueni mkono, nitaanza na meza hii ya mbele.